Maji ya Chaza Hupimwa Siku ya Mvua

Assalaamu alaykum. Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa masheha, wazee wangu, mama zangu na dada zangu wa vikundi vya chaza, wavuvi, na vijana mliosimama kule ukutani. Nawashukuru kwa kukubali tukutane wakati maji yamejaa na pwani hakuna kazi. Yakianza kutoka nitajua muda wangu umekwisha.

Nimeombwa nizungumzie upimaji wa bakteria katika maji tunamofugia chaza na kuokota kombe. Watu wa Fumba, Bweleo na vijiji vingine vya Ghuba ya Menai hapa Unguja hamhitaji mtu wa maabara aje kuwafundisha chaza ni nini. Nyinyi ndio mliowatundika chaza lulu kwenye kamba, mkangoja kwa subira, hadi zikapatikana nusu lulu zinazouzwa leo kuwa hereni na mikufu. Habari yangu ni ya maji yenyewe. Nataka tuanze kuyapima kila mwezi, mahali palepale, na hasa siku zile ambazo hakuna anayetamani kwenda kupima.

Kwa nini chaza na kombe, na si samaki wengine? Mtu akinunua changu au tasi, anampasua, anatoa matumbo, anamuosha, ndipo anamtia motoni. Chaza hapasuliwi. Analiwa yeye mzima na utumbo wake na kila alichokimeza asubuhi ile. Na anameza mengi. Chaza mkubwa mwenye afya hupitisha makumi ya lita za maji mwilini mwake kwa siku, akitafuta vijani vidogo vya kula. Uchafu ukiwamo majini, anaubakiza ndani pamoja na chakula, na kipimo cha bakteria katika nyama yake huwa kikubwa mara nyingi kuliko cha maji aliyokaa. Samaki akichukizwa na maji huondoka. Chaza hana pa kwenda.

Sisi wenyewe tulikuwa na kinga yetu ya zamani, nayo ni chungu. Kombe tunawachemsha, tunawatoa kwenye magamba, tunawapika kwa nazi. Mambo yanabadilika pale mpishi wa hoteli anapotaka chaza mbichi, wa kufunguliwa mezani na kukamuliwa ndimu. Hapo jiko limeondolewa katikati, na kilichobaki kati ya choo cha mtu mmoja na kinywa cha mwingine ni maji tu.

Nitawapa kisa cha mbali kidogo, kwa sababu kimekamilika na mwisho wake unajulikana. Kusini mwa Uingereza kuna mji mdogo wa pwani unaoitwa Emsworth. Mwaka 1902 mji ule ulikuwa na jina kubwa kwa chaza wake. Mwezi Novemba mwaka huo zilifanyika karamu mbili za heshima siku moja, moja Winchester na nyingine Southampton, na chaza wa Emsworth waliandaliwa. Wageni wengi waliugua. Baadhi walishikwa na homa ya matumbo, na miongoni mwa waliofariki alikuwemo kiongozi wa kanisa kuu la Winchester. Uchunguzi ulipofanyika ilionekana kwamba maji taka ya mji yalikuwa yakimwagwa karibu kabisa na vidimbwi walimohifadhiwa chaza. Mabomba hayo yalikuwa ya halmashauri. Wafugaji hawakuyatandaza wao.

Mfanyabiashara mmoja wa chaza, James Duncan Foster, aliishitaki halmashauri ile ya Warblington. Mwaka 1906 Mahakama ya Rufaa ilimpa haki: halmashauri haikuwa na ruhusa ya kumwaga uchafu juu ya chaza wake. Alishinda. Lakini chaza wa Emsworth walikuwa wameshakimbiwa na wanunuzi miaka minne nyuma, na biashara ile haikurudi katika ukubwa wake wa awali. Ninapokisoma kisa hiki huwa naumia kwa jambo moja: njia ya kujua ilikuwepo kabla ya karamu. Wakati ule bakteria wa kinyesi walikuwa wameshajulikana, na watu wa maabara walishajua kuwatafuta katika maji. Kama vidimbwi vile vingepimwa kwa utaratibu, na matokeo yakawa na nguvu ya kufunga vidimbwi na kuhamisha bomba, wale waliokufa wangekula chakula kingine usiku ule, na Foster angebaki na kazi yake bila kwenda mahakamani.

Marekani nayo ilijifunza kwa gharama. Majira ya baridi ya 1924 kuingia 1925, homa ya matumbo iliyotokana na chaza ilienea New York, Chicago na Washington. Takriban watu 1,500 waliugua na kama 150 walifariki. Februari 1925 mganga mkuu wa serikali yao aliwaita maofisa wa afya wa majimbo pamoja na wafanyabiashara wa chaza, na hapo ukazaliwa mpango wa kusimamia maji ya chaza ambao ungali unafanya kazi. Wafanyabiashara wenyewe nao walitaka kuwekewa sheria, kwa sababu walishaona soko linavyoweza kufa. Kila ninaposikia mfugaji akisema tukipima tutajiharibia jina, huwa nawakumbuka watu wale.

Kisa cha tatu kinatugusa kwa karibu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1988, katika jiji la Shanghai, takriban watu 300,000 walipata homa ya ini aina ya A ndani ya miezi michache. Walikula kombe. Nao walikuwa kombe wa jamii ya Anadara, ndugu wa hawahawa mnaowaokota nyinyi bahari ikitoka. Watu wa kule wanapenda kuwachovya katika maji ya moto kwa muda mfupi tu, gamba lifunguke kidogo, nyama ibaki laini. Virusi vile havikufa kwa kuchovywa. Kwa hiyo mama zangu, gamba kufunguka si dalili kwamba kombe ameiva. Likishafunguka, endeleeni kuchemsha kwa dakika kadhaa.

Sasa nije kwenye chupa. Maabara haitafuti kila ugonjwa mmoja mmoja. Vijidudu vya homa ya matumbo au kipindupindu huja kwa msimu, huwa vichache, na kuvitafuta ni ghali. Tunachotafuta ni bakteria wanaoishi katika utumbo wa kila binadamu na kila mnyama mwenye damu ya moto, hasa yule anayeitwa E. coli. Wengi wao hawana madhara. Lakini wakionekana majini, ina maana kinyesi kimefika, na kinyesi cha mgonjwa kinaweza kupita njia hiyohiyo. Dalili ya mvua ni mawingu.

Njia ya zamani, ambayo bado naipenda kwa sababu haihitaji mashine kubwa, ni ya mirija 15. Tunaipanga mitano mitano katika makundi matatu yenye mchuzi wa sukari ya maziwa. Kundi la kwanza kila mrija unapewa mililita 10 za maji ya bahari, la pili mililita 1, la tatu mililita 0.1. Ndani ya kila mrija kuna kijirija kidogo kilichopinduliwa. Bakteria wakila sukari ile hutoa gesi, na gesi inanaswa humo. Mirija iliyotoa gesi tunaihakikisha tena katika joto la nyuzi 44.5, ambalo bakteria wengi wa kawaida hawalistahimili lakini wale wa kinyesi wanaendelea nalo. Kisha tunahesabu mirija na kusoma kwenye jedwali idadi inayokadiriwa katika mililita 100.

Mpango wa Marekani unataka wastani usivuke 14 katika kila mililita 100, wastani unaokokotolewa kwa namna ambayo namba moja kubwa haiburuzi nyingine zote. Halafu unaongeza sharti la pili: sampuli zinazovuka 43 zisizidi moja katika kila kumi. Sharti hilo la pili ndilo ninaloliheshimu zaidi. Maji yanaweza kuwa mazuri wiki tatu na mabaya siku mbili, na wastani ukapendeza. Mtu haugui kwa wastani. Anaugua kwa chaza wa siku ile moja.

Umoja wa Ulaya wenyewe unapima nyama ya chaza. Eneo la daraja la kwanza ni lile ambalo asilimia 80 ya sampuli zake hazivuki E. coli 230 katika gramu 100 za nyama na maji ya ndani ya gamba, na zilizobaki hazivuki 700. Chaza wa hapo wanaruhusiwa kwenda sokoni moja kwa moja. Daraja la pili linafika 4,600 kwa asilimia 90 ya sampuli, na chaza wake lazima wasafishwe kwanza katika matangi ya maji safi ya bahari, au wahamishiwe maji bora, au wapikwe kwa njia iliyoidhinishwa. La tatu linaishia 46,000. Zaidi ya hapo hakuna kuvuna.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu matangi hayo, maana nasikia yanazungumzwa sana. Ushauri wangu ni kwamba tusianzie huko. Chaza akikaa kwenye tangi lenye maji yanayopitishwa kwenye taa maalumu ya kuua vijidudu, kwa karibu siku mbili, E. coli wanapungua vizuri. Virusi kama vya homa ya ini na vile vya kutapisha na kuharisha haviondoki kwa kasi hiyo. Chaza anaweza kutoka tangini akiwa na cheti kizuri na virusi bado vimo. Tangi linafaa kwa maji ambayo tayari yana nafuu. Likitumika kufidia maji machafu, linamdanganya mfugaji na mlaji kwa pamoja.

Na kuna vijidudu ambavyo E. coli hatavitaja kabisa. Vibrio ni bakteria wa baharini wenyewe, hawatoki chooni, na wanapenda joto. Bahari yetu iko kati ya nyuzi 25 na 30 karibu mwaka mzima. Chaza aliyevunwa saa nne asubuhi akaachwa juu ya mchanga hadi saa nane, ndani yake Vibrio wanazaana saa zote hizo. Dawa yake ni kivuli, gunia lililoloweshwa, na barafu mapema iwezekanavyo. Hilo halingoji maabara.

Sasa, jinsi ya kuchukua sampuli. Chupa inatoka maabara ikiwa imeshachemshwa kwa mvuke na kufungwa. Unaingia majini, unasimama ukielekea mkondo unakotoka ili uchafu unaoutimua kwa miguu uende nyuma yako. Unafungua kifuniko bila kugusa ndani, unaishusha chupa hadi kiwiko kizame, unaacha ijae, unabakiza nafasi ndogo juu, unafunga. Kisha inakaa kwenye barafu, gizani, na inafika maabara siku hiyohiyo. Pembeni unaandika saa, maji yanajaa au yanatoka, upepo, chumvi ya maji kama kipimo kipo, na mara ya mwisho mvua ilinyesha lini. Chupa isiyo na maandishi hayo sipendi kuipokea, maana namba yake haitanieleza chochote.

Ugumu halisi uko katika kuchagua siku. Mtu akienda saa sita mchana, jua kali, bahari imejaa na imetulia, ataleta maji mazuri karibu kila mara. Jua huua bakteria wengi wa kinyesi kwenye maji maangavu ndani ya saa chache. Maji yaliyojaa yanazimua uchafu. Anaweza kwenda hivyo mwaka mzima na kuandika ripoti inayong'ara, bila kusema uongo wowote, na ripoti hiyo ikawa hatari kuliko kukosa ripoti. Uchafu wetu unakuja alfajiri baada ya mvua ya usiku, maji yanapotoka. Unakuja katika siku za mwanzo za masika, pale mvua inapoosha kila kilichojikusanya tangu kaskazi kavu, na unakuja tena vuli. Unakuja na bamvua, maji makubwa yanapopanda hadi kwenye mashimo na kushuka nayo.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kisiwa chetu kina jambo lake. Nyumba zetu zimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hili lina matundu, nyufa na mapango. Penye udongo mzito, maji ya choo cha shimo huchujwa taratibu yanapopita chini. Kwenye matumbawe yanapita mlangoni. Mama zangu, mnazijua zile sehemu ambazo bahari ikitoka mnaona maji baridi yakibubujika mchangani, mpaka watoto wananawa. Maji yale yametoka chini ya kijiji. Sehemu hizo ndizo za kwanza kuwekewa alama kwenye ramani ya sampuli, na hakuna mtaalamu yeyote anayezijua kuliko nyinyi.

Ndiyo maana naomba tusianze na maabara. Tuanze kwa kutembea. Kila kikundi kitembee ufukwe wake wote maji yakiwa yametoka, pamoja na sheha, kikiandika: hapa pana choo umbali wa hatua kadhaa, hapa mbuzi na ng'ombe wanashuka kunywa, hapa mtaro wa barabara unamwaga, hapa mashua zinalala na watu ndani yake, hapa bomba la nyumba ya wageni linatokeza chini ya ukuta. Kazi hii ni ya asubuhi mbili au tatu na haina gharama ya dawa. Nchi zenye maabara kubwa nazo zinaanza hivyohivyo, na eneo ambalo ufukwe wake haujakaguliwa halipewi daraja hata maji yake yakipimwa vipi. Karibu na mjini jibu linajulikana kabla ya kutembea: kwa miaka mingi maji taka ya Mji Mkongwe yamekuwa yakiishia baharini bila kusafishwa, na pale hapahitaji chupa yangu kusema msivune.

Kuna ukweli mwingine kuhusu maabara ambao ni lazima ueleweke. Ile mirija inachukua siku tatu, wakati mwingine nne. Nikiona gesi, chaza wa siku ile ameshaliwa. Kwa hiyo kipimo hakiwezi kumlinda mlaji wa leo. Kazi yake ni kutufundisha maji yetu yanachafuka lini na yanachukua muda gani kusafika, ili siku nyingine tufunge mapema bila kungoja chupa. Kuna ghuba kule Rhode Island, Marekani, ambako mvua ya nusu inchi, yaani kama milimita 13, ikishanyesha ndani ya saa 24, uvunaji unasimama kwa siku 7. Hakuna mjadala. Mvua yenyewe ndiyo inayotoa amri.

Sisi hatupaswi kunakili namba ile, kwa kuwa ardhi yetu na mvua zetu ni nyingine. Tuitafute ya kwetu. Kipima mvua ni chombo rahisi, mwanafunzi wa skuli anaweza kukisoma kila asubuhi. Mvua kubwa ikinyesha, tupime siku ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, na misimu miwili mitatu ikipita tutajua Bweleo inahitaji siku ngapi na Fumba ngapi. Mpaka tutakapojua, mimi nashauri siku saba.

Najua neno kufunga linaogopesha, maana pesa ya wiki ni pesa ya chakula na ada. Lakini chaza aliye kwenye kamba au kwenye tenga haozi. Mvuvi akikosa kuuza samaki wake leo, kesho hana kitu. Chaza anabaki hai majini, anakula, ananenepa, na maji yakisafika naye anajisafisha. Wiki ya kungoja inachelewesha pesa, haiipotezi. Pesa inapotea pale wageni wa hoteli moja wanapolazwa, na hoteli zote za pwani nzima zikaacha kununua kwa siku moja.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hapa nakugeukia wewe. Wizara ya Uchumi wa Buluu imewahimiza akinamama hawa waingie baharini, nao wameingia. Nina maombi mawili kwa niaba ya kazi hii. La kwanza, matokeo ya kila sampuli yabandikwe kwenye ofisi ya sheha siku ileile yanapofika mezani kwenu, kwa Kiswahili, tarehe na namba, bila kusubiri kikao. Mwenye chaza asiwe wa mwisho kujua maji yake yakoje. La pili, namba zikionesha uchafu unatoka kwenye bomba fulani au mashimo ya eneo fulani, barua iende kwa mwenye bomba pia. Itakuwa dhuluma ikiwa kila namba mbaya itamfungia kazi mama wa kombe na haitamgusa aliyechafua. Kibali cha kujenga nyumba ya wageni juu ya ufukwe wa chaza kitolewe baada ya kuuliza maji yake taka yataenda wapi, na jibu lithibitishwe kwa macho maji yakiwa yametoka.

Na nyinyi wenye hoteli mliokuja, ambao nawashukuru kwa dhati: mnaponunua chaza, muulizeni muuzaji alivunwa wapi na siku gani, na muandike. Mkisikia eneo limefungwa, msiende kununua kwa bei ya chini mlango wa nyuma. Anayefanya hivyo anaubomoa utaratibu wote huu kwa tenga moja.

Nimeona maji yameanza kugeuka. Vikundi vilivyo tayari kuanza, tutatembea ufukwe pamoja bamvua lijalo, tukianzia upande wa Bweleo, na ningependa kila kikundi kilete watu wawili, mmoja anayejua kuandika vizuri na mmoja mzee anayejua chemchemi zote. Chupa za mfano ziko pale mezani zimefungwa kwa karatasi. Naomba zisifunguliwe mpaka nioneshe. Nakaribisha maswali, na ningeomba waanze akinamama.